Karatasi za Mandazi

Jumatatu, 3 Februari

Nafula amemaliza kabati. Kabati lote la vitabu la darasa lao, kutoka rafu ya juu mpaka ya chini, na muhula haujafika hata nusu. Mtoto wa miaka tisa. Wangu.

Haya, sasa nijisalimie. Mimi ni mzima, mgongo unauma, mandazi yaliisha saa mbili. Habari nilipewa na Mwalimu Njoki pale langoni nilipompelekea Nafula sweta. Nilirudi kibandani nikaitangaza. Kila mteja aliyenyoosha mkono alipewa mandazi na habari. Mama Shiru, jirani yangu wa sukumawiki, akasema hata panya humaliza kabati. Nikacheka. Wivu ni ugonjwa, na yeye ni rafiki yangu, nitamwombea.

Lakini kuna neno Mwalimu alilisema mwishoni na limenikaa kama mfupa wa samaki. Alisema shule haina kingine cha kumpa. Nimtafutie vitabu vinavyomfaa. Nikajibu hakuna shida. Nimeishia darasa la nane mimi. Najua vitabu vinavyofaa vikoje? Nyumbani tuna Biblia, kitabu cha nyimbo cha kwetu, na lile rundo la karatasi za kufungia mandazi.

Alhamisi, 6 Februari

Anasoma kila kitu. Leo amesoma pakiti ya unga, mpaka anwani ya kiwanda. Amesoma ilani ya mwenye ploti, tunayemlipa kodi, kuhusu maji, akanionyesha makosa matatu. Nilitamani kumpelekea mwenye ploti.

Halafu anaingia kwenye rundo langu. Karatasi hizo huzinunua tao, huko mjini River Road, kwa wachapishaji, kwa kilo: magazeti, fomu za ofisi, daftari za watu, vitabu vilivyong'oka majalada. Alfajiri naketi na karai, nachana, nafungia. Miaka saba. Mkono unachana wenyewe, macho yako kwa mafuta. Nafula husoma kabla sijachana. Wateja wanasema mandazi ya Mama Nafula yamekaguliwa.

Jioni alinijia na nusu ya hadithi. Mtu na nduguye wamegombania kisima. Nusu ya pili nilishaifungia mandazi jana. Akaniuliza iliishaje. Sijui. Aliniangalia kama nimemnyima chakula. Naumia. Mtoto wa watu wengine analilia peremende.

Jumamosi, 8 Februari

River Road kununua karatasi, kisha nikapanda kwa miguu mpaka kwa wale wauza vitabu wa chini. Inama, tunawaita, kwa sababu lazima uiname. Gunia limetandazwa kando ya njia, vitabu kama viazi. Niliinama mpaka kiuno kikalia.

Muuzaji aliniuliza mtoto ana miaka mingapi. Nikasema tisa, lakini usimhesabu hivyo, huyu anasoma kama wa sekondari, amemaliza kabati. Akasema hongera mathe. Nikamwambia nipe kinono. Alinipa kinono cha Kiingereza, jaladani farasi mzuri mweupe, na kingine cha msichana amesimama mlangoni, anatabasamu. Vyote viwili vizuri. Nilivibeba juu ya karatasi zangu kama mayai. Nilijiona mama wa maana tao nzima.

Jumapili, 9 Februari

Kile cha farasi si hadithi. Ni cha magonjwa ya farasi.

Nafula amekisoma tu. Kurasa zaidi ya mia tayari. Baada ya kanisa alimsimamisha yule mzee anayeuza maji na punda, akamwomba aangalie meno. Mzee akamwacha. Nafula akasema punda anatafuna upande mmoja, kuna jino linamsumbua. Mzee akapanua mdomo wa punda, akaangalia. Kumbe kweli. Sasa mtaa mzima unamwita daktari wa punda. Mama Shiru anauliza nikienda tao wiki ijayo nimletee kitabu cha magonjwa ya ng'ombe, anao wajomba.

Nilicheka na wote. Ndani sikucheka. Mtoto ameomba hadithi, nimempa minyoo.

Jumatano, 12 Februari

Kile cha msichana mlangoni ni kibaya.

Nilijua kabla sijajua. Jumatatu hakula vizuri. Jana hakutaka kwenda choo cha nje peke yake, na jua liko juu. Nikamuuliza kitabu kikoje. Akasema kizuri. Nafula hajui kusema uongo, shingo yake inabadilika.

Leo alipoenda shule nilikaa nacho. Kiingereza changu ni cha kununulia, si cha kusomea. Nilifuata kwa kidole. Nusu ukurasa, chai ikapoa. Neno la damu nalijua. Neno la mama nalijua. Yaliyo katikati siyajui, na hayo ndiyo yaliyomwingia mtoto wangu kichwani. Ni mimi niliyemnunulia. Niliinama, nikachagua, nikabeba.

Nimekichoma kwenye jiko. Aliporudi alitafuta pale chini ya mto, akajua. Akaniuliza, ulijuaje ni kibaya na hukukisoma.

Nikamwambia, "Nilikusoma wewe."

Alinikumbatia kwa muda mrefu. Lakini sikufurahi. Anaingia nyumba ambazo mimi siwezi kuingia. Nasimama nje nasikiliza kama atalia.

Ijumaa, 14 Februari

Nimeenda kwa Mwalimu Njoki nikasema ukweli. Sijawahi kufanya kitu kigumu hivi, na nimezaa. Nilimwambia sijui kuchagua. Nilimwambia habari ya farasi na ya ule mlango. Hakucheka farasi.

Aliniambia mtoto hahitaji kinono, anahitaji kinachompeleka mahali na kumrudisha. Akafungua mkoba wake. Kitabu chake mwenyewe, cha tangu akiwa rika la Nafula, cha Kiswahili. Jalada lilishang'oka zamani, kimebaki kurasa na uzi. Alisema hajawahi kumwazima mtu. Alikitoa kwa mikono miwili, nami nikapokea kwa mikono miwili.

Mwalimu ni mtu wa Satellite, mtaa wa jirani, kwao ni kwao, shamba la babu. Anaweza kuniangalia kwa dharau. Hajawahi. Nitampelekea mandazi ya bure mpaka nife.

Jumatatu, 17 Februari

Kitabu ni cha msichana ambaye ng'ombe wao amepotea mlimani kwenye ukungu. Anasikia kengele, haoni ng'ombe. Basi. Hiyo tu. Na mimi siwezi kulala nikiwaza yule ng'ombe.

Nafula ananisomea nikikanda unga. Kiswahili, naelewa kila kitu. Ukurasa wa thelathini nilisahau hamira. Mandazi yalitoka kama mawe, wateja wakanung'unika, nikawaambia laumuni ng'ombe. Ilibidi nieleze. Sasa kila asubuhi wananiuliza amepatikana?

Kwanza nanawa mikono, hata kama sikishiki. Nafula amekijalidi kwa gazeti, vile wanavyofunzwa shuleni, akalikunja pembe vizuri, akapiga gundi ya unga. Limekaa nadhifu kabisa. Nilimsifu. Gazeti alilitoa kwenye rundo langu.

Mvua imeanza, mabati yanavuja juu ya kitanda na juu ya meza. Nimemwambia kitabu akiweke juu ya karatasi za kufungia. Hapo ndipo pakavu.

Jumatano, 19 Februari

Nimekichana.

Stima ilipotea saa kumi na moja. Mwangaza wa jiko tu. Wanaume wa mjengo walikuja mapema, wana zege leo, kila mmoja anataka manne, anataka haraka. Mkono ulienda kwenye rundo ukashika kitabu kisicho na jalada kilichofungwa gazeti, kama vile vingine mia nilivyoshika. Gazeti kwanza. Halafu karatasi, karatasi, karatasi.

Kulipambazuka, Nafula akatoka na mswaki mdomoni. Aliangalia mkono wangu. Povu lilimdondoka kwenye sare.

Karatasi ishirini na tatu. Kutoka mwanzo mpaka pale msichana anapovuka daraja. Zimeenda na mandazi, mtaa wetu wote wa Kabiria.

Sina la kuandika zaidi.

Alhamisi, 20 Februari

Sikupika leo. Mara ya kwanza tangu mazishi ya mama.

Nilienda kwenye mjengo. Wanaume walicheka, wakadhani nadai mandazi yarudi. Nilipoeleza wakaanza kupekua mifuko, mmoja mmoja. Mmoja aliitumia karatasi yake kupangusa mikono, ikaenda na simenti. Mwingine aliiangusha kwenye mtaro. Nilishuka kwenye mtaro. Nilipata mbili, na moja haisomeki. Nyingine tatu zilikuwa kwenye moto wa chai, nusu. Tatu nilipewa na waliokuwa nazo mfukoni.

Musa, fundi wa plasta, alikuwa na yake ndani ya kofia ya kazi. Ameikunja mara nne. Alikuwa anaisoma saa ya chai. Nikanyoosha mkono. Akakataa.

"Mama Nafula, mimi nimeachwa katikati. Huyo msichana yuko juu ya mti na ukungu unapanda. Nikikurudishia hii bila kujua kilichofuata, nitakuwa nimejiibia."

Nilitaka kumpiga. Halafu nikaona ni kile kile Nafula aliniuliza juu ya kisima, nikashindwa kujibu. Nikarudi nyumbani.

Karatasi nane kwa ishirini na tatu. Nimezianika kwenye kamba ya nguo, na vibanio. Zinanuka mafuta. Mama Shiru alipita, akaziangalia, hakusema neno la kuchekesha. Hapo ndipo niliogopa kweli.

Jumamosi, 22 Februari

Tumeenda Satellite, mimi na Nafula. Kwa miguu, polepole, kama watu wanaoenda kutoa mahari ambayo hawana.

Nilikuwa nimepanga maneno. Mimi sikosi maneno, waulize kanisani. Mwalimu alikuwa uani anachambua maharagwe. Niliweka kitabu juu ya meza, na zile karatasi nane juu yake, nikasema ni mimi. Si mtoto. Mtoto alikijalidi vizuri.

Alizigeuza moja moja. Vidole vikapata mafuta.

"Ukurasa wa kwanza uko wapi?"

Sijui. Mteja wa kwanza alikuwa mwanamke anayepita, koti la kijani, simjui, hajawahi kununua kwangu, hajarudi. Niliona koti tu. Nilimwambia Mwalimu hivyo.

Akaeleza kwa upole, na upole huo ndio ulinimaliza. Mama yake alimnunulia kitabu hicho, na kwenye ukurasa wa kwanza aliandika kwa kalamu ya wino. Mwaka uliofuata mama akafariki. Hakuwa mtu wa kuandika. Hakuna mwandiko wake mwingine popote.

Nafula aliuliza, kwa sauti ndogo, mama aliandika nini. Alisema yeye aliuona ule ukurasa mara moja tu, akauruka haraka kufika kwa ng'ombe.

"Aliandika, Njoki, usile ukisoma."

Hakuna aliyecheka. Mafuta yangu yako mezani pale, tunayaangalia sote. Mwalimu aliingia ndani kuleta maji akakaa sana. Aliporudi hakusema nimewasamehe, hakusema sijawasamehe. Alisema tukae na kitabu, tuendelee kutafuta.

Njiani Nafula aliniuliza kama Mwalimu atamwazima kingine. Nilimwambia sijui. Wiki hii nimesema sijui kuliko miaka yangu yote thelathini na sita.

Jumatatu, 24 Februari

Nimepika. Nafungia kwa bahasha za kaki sasa, bila maandishi. Kila atakayekuja namuuliza, na kila anayevaa kijani namkimbilia.

Darasani Mwalimu anamfundisha Nafula kama wengine. Hamsemeshi zaidi. Nafula hasomi. Unasikia? Hasomi. Pakiti ya chumvi iko mbele yake, anaangalia ukuta. Nilimsomea mimi Zaburi. Alisikiliza kwa heshima. Nilikosea kusoma neno mahali fulani na hakunisahihisha. Bora angenisahihisha.

Jumanne, 25 Februari

Musa alikuja jioni kutoka kazini, na plasta usoni. Hakuleta karatasi. Alikuja kuuliza Nafula swali. Alivua kofia, akainama mbele ya mtoto kama anaongea na injinia: je, yule msichana alishuka kwenye mti?

Nafula akamwangalia. Halafu akasema alishuka, lakini upande mwingine. Musa akasema upande gani? Basi akaanza. Alishasoma mpaka nusu ya kitabu kabla sijakiharibu, na kichwa chake ni kile mnachokijua. Alisimulia akisimama. Mama Shiru akaacha kukata mboga. Mzee wa maji akafunga punda. Mtu mmoja akasema lakini mimi nilisoma alivuka daraja usiku, Nafula akasema hapana, alfajiri, na kama huniamini lete ukurasa wako. Akaenda kuuleta! Alikuwa ameuhifadhi kwenye Biblia yake, siku zote hizi, hakujua unatafutwa.

Wengine wakakumbuka. Mmoja ameubandika ukutani, mtoto wake anapenda herufi kubwa. Mmoja yuko nao kwenye koti la kanisani. Niliwaambia walete. Musa akasema si hivyo. Ukileta leo, kesho alete mwingine, tutabaki vipande vipande. Tuje kwako siku moja, kila mtu na wake, tusome kwa zamu kutoka mwanzo. Pasipo na karatasi, daktari wa punda atujazie.

Wote wakakubali kabla sijasema ndio. Ni nyumba yangu lakini. Chumba kimoja.

Jumatano, 26 Februari

Mwalimu Njoki alikuja kibandani asubuhi. Hajawahi kununua hapa. Alitaka mawili. Nikashika bahasha ya kaki, safi kabisa, haina hata nukta. Akakataa. Aliyapokea mkononi yakiwa ya moto, yakimchoma, akasimama nayo.

Nilimwambia mpango wa Musa, ili isisikike nimefanya kisirisiri. Nilisema karatasi kumi na nne zimejulikana ziliko. Nilisema ya kwanza haijapatikana. Nilisema Nafula amerudi kusoma, jana alisoma pakiti za bahasha mpaka zikaisha, na bahasha zenyewe hazina kitu, alikuwa anasoma nembo ya pakiti.

Alikuwa ameshaanza kuondoka. Akageuka.

"Nitakuja. Kiti changu kiwe karibu na mlango, nipate mwanga."

Mandazi hakuyala njiani. Nilimwangalia mpaka kwenye kona. Aliyabeba tu.

Alhamisi, 27 Februari

Kumetulia. Mvua haijanyesha. Nimeosha pazia.

Koti la kijani sijaliona. Nadhani sitaliona. Pengine ukurasa huo ulishaungua mahali au umelowa mahali, na mkono wa mama wa mtu umeenda nao. Hilo siwezi kulitengeneza. Nimeligeuza kila upande, haliwezekani.

Nafula amenyoosha karatasi za kwenye kamba kwa pasi ya makaa, juu ya kitambaa. Amekata karatasi nyeupe ya daftari, saizi ile ile, akaiweka mbele pale ya kwanza ilipokuwa. Hakuandika kitu. Alisema hiyo si ya kwake kuandika, wala si yangu. Itamngoja mwenyewe.

Nimewaambia wote: mwenye karatasi aje na karatasi, asiye nayo aje na kitabu chochote kilicho chini ya kitanda chake, hata cha farasi. Mwalimu atakaa mlangoni achambue kinachomfaa mtoto na kisichomfaa, kama maharagwe. Mimi sitachagua. Baba Nafula amepiga simu kutoka Naivasha, anakofanya kazi, anakuja kesho, anasema amepata kimoja kwa mnada wa shule, hajui ni cha nini. Kama kawaida yetu.

Nitapika sufuria mbili. Zitakaa juu ya kabati, zimefunikwa, mbali na mikono, mpaka tumalize ukurasa wa mwisho na watu wanawe.

Tunaanza Jumamosi, saa nane mchana.